Jamaa Tuliyemlea kwa Zamu

Wiki jana mtoto wa dada yangu alikuwa amelala chali kwenye kochi langu, simu juu ya uso, akicheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema anasoma maoni ya watu kuhusu gemu fulani ya mtandaoni, ndogo tu, iliyotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake, ya mapanga na majoka na uchawi. Watu wa nchi mbalimbali hukutana humo, kila mmoja na mtu wake. Akanisomea. Mmoja alikuwa ameandika kwamba hajawahi kuona gemu ya kuchosha kama hiyo: unatoka kijijini, unaua konokono, unarudi, unalala, unaamka, unaua konokono. Mwingine akamjibu kwamba ni kweli kabisa, na kwamba yeye huicheza kila siku akitoka kazini. Wa tatu alikuwa amekasirika, anataka mwenye gemu aongeze mambo, la sivyo anahama. "Na bado hahami," mtoto akasema. "Huyu huandika hivyo kila saa."

Yeye aliona ni kichekesho. Mimi nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasikia yote kabla huyo mtoto hajazaliwa. Niliyasikia Laini Saba, kwenye chumba cha mabati chenye benchi mbili na televisheni ndogo isiyo na rangi. Nimekaa nayo moyoni wiki nzima, kwa hivyo wacha nikupe na wewe ubebe kidogo.

Kama ulikulia Kibera miaka ya tisini, chumba kama hicho unakijua hata kama si hicho. Kilikuwa karibu na reli, upande ambao treni ikipita sufuria zinatetemeka kwenye rafu na mazungumzo yanasimama yenyewe mpaka behewa la mwisho lipite. Mbele ilikuwa meza ya fundi wa redio. Ulisikia moshi wa waya wa kuchomelea, mafuta ya mandazi ya mama wa mlango wa pili, na mvua ikinyesha, harufu ya mtaro ambayo sina haja ya kukueleza. Nyuma ya pazia fundi aliishi na mkewe na kitoto chao. Sisi tulikuwa majirani wa ukuta mmoja. Fundi akikohoa, nyanya yangu alikuwa akimjibu "pole" kutoka kitandani kwake.

Siku moja mteja alimletea mashine ya gemu iliyokufa, akapotea, hakurudi kuichukua. Fundi akaifufua. Ilikuja na kaseti moja tu, yenye maandishi ambayo hakuna mtu wa Laini Saba aliyeweza kuyasoma. Wengine walisema ni Kichina, wengine Kijapani. Nyanya yangu alisema ni ya shetani, na kwake kesi ilikuwa imekwisha. Fundi hakuwa na muda wa gemu, kwa hivyo akampa mkewe iwe biashara yake. Mkewe akaweka benchi, akaweka pazia la gunia mlangoni ili jua lisipige kioo, akawa anakaa hapo mlangoni kutwa, mtoto mgongoni, akimenya viazi na kuita zamu. Kwenye kioo hakutazama kamwe. Lakini mashine yenyewe aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, taratibu, mpaka kwenye kona. "Hili ndilo shamba langu," alikuwa akituambia. "Mkinimwagia chai hapa, mtanijua."

Gemu yenyewe utaicheka. Kulikuwa na mtu mdogo wa kofia, kama kidole gumba, anayetoka kijijini. Nje anakutana na vitu laini vya mviringo vinavyotikisika. Tuliviita makamasi, na ungeviona usingevipa jina lingine. Anapigana na kamasi moja, linakufa, anaokota visarafu. Anarudi kijijini, analala lojing'i, ile nyumba ya wageni ya kulipia, anaamka, anatoka. Makamasi. Akishaua mengi anaongezeka nguvu kidogo, ananunua panga la maana, anaweza kusogea hadi msituni kwenye popo, ambao walikuwa makamasi yenye mabawa. Mwisho wa msitu kulikuwa na mto, juu ya mto daraja, na darajani alisimama mtu wa mifupa mwenye ngao. Huyo hakuna aliyewahi kumshinda. Muziki ulikuwa mmoja unaojirudia, na hadi leo nikiosha vyombo naukuta mdomoni mwangu.

Yule mtu wa kofia tulimwita Jamaa. Kaseti ilikuwa na nafasi ya kutunza mtu mmoja peke yake, kwa hivyo hakukuwa na Jamaa wangu na Jamaa wako. Alikuwa mmoja, wetu sote. Zamu yako ikiisha ulitakiwa umrudishe lojing'i, umlaze, halafu umpe anayekufuata kile kidude cha kubonyezea na umwambie umemwacha vipi. "Nimemwacha amelala, ana panga la chuma, dawa hana, usimpeleke msituni." Usiposema, ulionekana umelelewa vibaya. Na ole wako umwache porini amejeruhiwa, utazomewa mpaka kwenye foleni ya maji.

Siku za shule tulimlea sisi wa Laini Saba. Jumamosi walikuja watoto wa Kawangware, wakiongozwa na mpwa wa mke wa fundi, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Mama yake, dada mkubwa wa mke wa fundi, aliishi Kawangware na kufua nguo za watu kule Lavington. Walitembea njia yote hiyo kwa miguu kuja kuua makamasi. Jumatatu ukiwasha mashine unamkuta Jamaa ana ngao ambayo hukumwachia, unajua Wakawangware wamepita. Sura zao nilikuwa nazisahau kati ya Jumamosi na Jumamosi, lakini mikono yao niliijua kwa namna walivyomwacha.

Na maoni, ndugu yangu, yalikuwa mengi kuliko wachezaji. Kijana mrefu wa Kawangware kila akija alianza na malalamiko kabla hata hajakaa. "Maze hii gemu inaboo. Kitu ni ileile, ileile. Huyu msee hata haoi." Halafu anakaa mpaka jioni. Kulikuwa na jamaa mmoja wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, mtu mzima, mikono imepasuka kwa saruji, aliyekuja Jumamosi wakitoka kazi nusu siku. Yeye alicheza akiwa amesimama. "Huyu ni mimi kabisa," alisema. "Anaamka, anapiga makamasi, analipwa, analipa pa kulala, imeisha. Kesho tena." Alilisema hilo bila kucheka, na akacheza vizuri kuliko sisi sote. Mama wa mandazi aliuliza kama huyo mtu ana viatu vingine. Nyanya yangu, ambaye hakukanyaga mle ndani hata siku moja, alitaka kujua kupitia ukutani kama Jamaa hana shamba kwao, mpaka awe anahangaika vile.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa ng'ambo ya daraja. Maandishi hatukuyaelewa, kwa hivyo safari ya Jamaa tulijitungia. Sisi wa Laini Saba tulishikilia kwamba ng'ambo ndiko kwao. Baba yake amekufa na yeye anatafuta nauli na nguvu za kufika kumzika, maana mtu hazikwi na majirani wakati ana mtoto wa kiume. Kila mtu kwetu alikuwa ameona michango ya matanga, kwa hivyo tuliona ni wazi. Wa Kawangware walisema sisi ni washamba. Ng'ambo kuna jumba la mfalme, kuna dhahabu, na mwalimu wao wa shule ya Jumapili alikuwa amesema kuna jehanamu. Tulibishana hadi tukasukumana. Hakuna aliyewahi kusema kwamba labda ng'ambo hakuna kitu.

Fundi alikuwa akitusikiliza akitabasamu, kichwa ndani ya redio ya mtu. Siku Jamaa alipopotea mara ya kwanza, tena mapema akiwa bado dhaifu, fundi ndiye aliyefungua ile kaseti mbele yetu. Ndani mlikuwa na betri ndogo kama kifungo cha shati, imekwisha. Akatia nyingine ya saa, akaishika kwa selotepu. "Humu ndimo analala," akatuambia. "Hii ikitoka, amekufa." Mkewe siku hiyo alikuwa foleni ya maji. Kwa wateja wa redio, fundi alikuwa na somo jingine, ambalo hata mimi nililijua kwa moyo. Ukisafiri, ukiiweka redio bila kuitumia, toa mawe yote, yasije yakavuja yakala chuma. Mawe ndiyo tuliyoita zile betri kubwa za redio. Mkewe alilisikia somo hilo kila siku ya maisha yake pale mlangoni.

Kisha kikohozi kikabadilika. Watu wazima wakaanza kushusha sauti tukiingia. Fundi akawa anachomelea akiwa amekaa juu ya mto, kisha akiwa amefunikwa blanketi, kisha meza ikakaa bila mtu. Mama yangu alikuwa akifanya kazi za nyumba kule Nyayo Highrise, na jioni alianza kuleta mchuzi wa mifupa kwenye mkebe, anaupitisha kwa fundi kabla ya kuingia kwetu. Mwishowe ndugu wa fundi wakaja wakampeleka nyumbani kwao, upande wa ziwa, mkewe na mtoto wakaenda naye. Tuliambiwa ameenda kupunga hewa safi. Watoto si wajinga. Tulijua anayerudishwa kwao akiwa amefunikwa blanketi wakati wa jua ameenda kufanya nini.

Alirudi mkewe peke yake na mtoto, nywele amenyolewa, amekonda kama aliyekuwa akiugua yeye. Kule nyumbani wazee walikuwa wamemtaka abaki, akae kwa ndugu wa marehemu. Alikataa. Usiku wa matanga haujaisha vizuri akapanda basi. Habari ikamfuata kwamba shemeji yake anakuja Nairobi kuchukua vitu vya marehemu, kila kitu, na kwamba ile mashine ya watoto ameisikia na anaitaka. Nakumbuka alivyokaa kwetu, kwenye stuli ya jikoni, akimwambia mama yangu bila kulia. "Meza achukue. Redio achukue. Hata kitanda, nitalala chini. Lakini akichukua hiyo mashine, mimi na huyu mtoto tutarudi kule kwa miguu yetu tukiomba chakula."

Nyanya yangu alikuwa akisikiliza akichambua maharagwe. "Ificheni," akasema. Mama akamtazama. "Si ulisema ni ya shetani?" Nyanya akaendelea na maharagwe yake. "Kwani shetani huyo ana mtoto wa kulisha?"

Dada wa mke wa fundi akaja kutoka Kawangware na mashuka ya watu wake wa Lavington. Mwanamke wa kufua akibeba mzigo kichwani, hakuna anayemuuliza kuna nini ndani. Televisheni ikafungwa ndani ya mashuka. Mashine na kaseti vikaingia kwenye kiondo, sukuma wiki juu, na kiondo nikapewa mimi na yule kijana mrefu tushike kila mmoja sikio lake. Kabla hatujaondoka, mke wa fundi alivipakia mwenyewe, nyuma ya pazia, polepole, akivipangusa. Tulipita njia za ndani, tukatokea Ngong Road, tukavuka, tukapita Dagoretti Corner, tukashuka Kawangware jua likiwa bado juu. Njia nzima kijana mrefu hakusema gemu inaboo. Nilimuuliza amemwacha Jamaa vipi Jumamosi ya mwisho, kabla ya safari ya fundi. "Amelala," akasema. "Ana panga la chuma, ana ngao, ana dawa tano. Nilikuwa nimwachie buda wa mjengo ajaribu daraja." Moyo wangu ulitulia.

Shemeji alifika na kijana mmoja na gari la kukodi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona jini, kumbe ni mtu mpole, mwenye kola iliyochakaa, aliyetusalimia wote kwa mkono. Alikunywa chai. Alibeba meza, vifaa, kitanda, na redio za watu ambazo wenyewe walikuwa hawajazijia. Akazitazama zile benchi mbili, akauliza, "Na ile mashine ya watoto, shemeji?"

"Iliungua," mke wa fundi akasema.

Akazitazama benchi tena. "Mimi nimetumwa na wazee," akasema. "Wala sio kwa kupenda. Nikirudi bila hiyo nitaulizwa." Lakini aliinuka, akamshika mtoto kichwani, akaondoka. Nilimchukia sana, na nikachukia zaidi kwamba hakuwa mtu mbaya.

Vitu viliporudi kutoka Kawangware, ilikuwa Jumamosi, na chumba kilijaa kama siku ya mazishi. Chumba chenyewe kilikuwa kitupu, unasikia sauti yako ikirudi kwenye mabati. Wakawangware walikuwepo wote. Jamaa wa mjengo alikuja na saruji yake mikononi. Hata mama wa mandazi alisimama mlangoni, sufuria imeachwa. Mke wa fundi aliunganisha waya kama alivyomwona mumewe akifanya, akawasha, akarudi mlangoni kwake kumenya viazi. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu aliporudi. Alikuwa anahesabu watu kwa macho, kimyakimya, na anaona wanatosha.

Muziki ukaanza. Pale ambapo Jamaa alikuwa akitokea amelala, palikuwa patupu.

Tukazima tukawasha. Patupu. Hapo kelele zikaanza, na wote wakamgeukia kijana mrefu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Umemwacha porini. Umemfuta. Nyinyi wa Kawangware kazi yenu ni hiyo. Yeye akaapa kwa mama yake, akaapa tena, sauti ikapasuka, na mtu akamshika shati. Mimi nilijua anasema kweli na nilikuwa nikilia kwa hasira. Ni jamaa wa mjengo aliyechukua kaseti, akaitikisa sikioni, akaifungua kwa kucha. Selotepu ilikuwepo, imekunjwa vizuri. Betri haikuwepo.

"Nani ametoa kitu humu ndani?"

Mke wa fundi alisimama na kisu cha viazi mkononi. "Ni mimi," akasema. "Vilikuwa vinawekwa. Nilitoa mawe yote, yasivuje." Akatoa kitambaa kifuani, akakifungua, akatuonyesha. Betri ile ndogo alikuwa ameitunza kwenye fundo pamoja na pete ya mumewe. Akatutazama mmoja mmoja, hajaelewa. "Si ndivyo alivyokuwa akisema? Si niirudishe tu?"

Mkono uliokuwa umeshika shati la kijana mrefu uliachia. Kijana mwenyewe ndiye aliyemweleza, kwa upole ambao sikujua anao, kwamba irudi isirudi, aliyekuwa amelala humo hayupo tena. Mke wa fundi akasema, "Aa," kama mtu aliyeambiwa bei. Akairudisha betri, akaibana kwa selotepu, akasema, "Basi anzeni mwingine. Si ni yuleyule?"

Tulijaribu, nakuapia. Lakini Jamaa mpya alikuwa na fimbo tu, na kamasi la kwanza lilimuua. Tukamwanzisha tena. Wale waliokuwa wakilia kwamba gemu inaboo ndio waliokuwa wa kwanza kusema hawawezi kuyarudia yale yote. Jamaa wa mjengo alicheza zamu moja, akaweka kidude chini taratibu, akasema amechoka, na hakuwa anazungumzia siku hiyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyekuwa akija kwa ajili ya gemu. Walikuja kumtazama yule tuliyemlea. Kabla mvua haijaanza kulikuwa na mahali pengine, karibu na kituo, penye televisheni ya rangi na magari ya mbio, na Laini Saba yote ikahamia huko.

Mke wa fundi akaamua kumlea Jamaa mpya mwenyewe. Asubuhi tukiwa shule, mchana mtoto akilala, alikaa kwenye benchi ya mbele, mtu ambaye hakuwahi kutazama kioo, na kuua makamasi. Wanawake wa kanisani wakasema huzuni imempanda kichwani, wakaja kumwombea, akawakaribisha, akafumba macho wakati wa sala na kidude hakukiachia. Nyanya yangu aliwasikia kupitia ukutani wakinong'ona wakitoka. "Mwacheni," akawaambia kwa sauti, kutoka kitandani. "Analima."

Alidhani akimfikisha Jamaa pale alipokuwa, watu watarudi. Nilikuwa nikipita nikitoka shule, napewa kiazi, nakaa naye. Jamaa wake alikuwa amempita Jamaa wetu wa zamani mbali sana. Alikuwa na panga ambalo hatukuwahi kuliona hata dukani, na kamasi lilikufa kabla halijatikisika. Lakini hakutoka pale uwanjani mbele ya kijiji cha kwanza. Alimzungusha hapohapo, siku baada ya siku, na benchi ya nyuma ikawa ya kuanikia nepi.

Mwenye nyumba alikuwa ameanza kupita kudai kodi. Siku aliyopita mara mbili nilimuuliza mke wa fundi, "Mama, na panga hilo lote, mbona humvushi daraja?"

Hakunitazama. "Huko mbele sikujui," akasema. "Akifia huko, nani atanisaidia kumlea tena?"

Akaua kamasi, akaua lingine. Akasema, kama anayezungumza na kioo, kwamba dada yake alikuwa amemwambia ahamie Kawangware, kuna chumba cha bei nafuu karibu naye, kuna watoto wengi na hakuna gemu mtaa huo. "Kila siku namwambia kesho. Hapa angalau nalijua bomba, nawajua nyinyi, na watu wananijua ni mke wa nani. Kule nitakuwa nani?" Nilitaka kumwambia asiende. Alikuwa ameshaanza kumtembeza Jamaa msituni.

Mtu wa mifupa alianguka kwa mapigo mawili. Miaka yote ile, mapigo mawili. Jamaa akatembea juu ya daraja, hatua zile zake za kidole gumba, akafika ng'ambo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono yote. Kulikuwa na nyasi, na njia, kisha kijiji. Kijiji chenyewe ni kilekile. Nyumba zilezile, duka lilelile, lojing'i ileile, mzee amesimama palepale na maandishi yake yasiyosomeka. Hakuna jumba, hakuna matanga, hakuna jehanamu. Akatoka nje ya kijiji upande wa pili, na nyasi zikatikisika, likatokea kamasi. Labda lilikuwa la rangi nyingine. Kwa televisheni ile tusingejua.

Nilikaribia kulia. Yeye aliweka kidude mapajani, akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu fundi aanze kuumwa. Alicheka mpaka mtoto akaamka, mpaka nyanya yangu akauliza kupitia ukutani kuna nini. "Kumbe ng'ambo ni hivihivi tu," akasema, akijipangusa macho kwa leso. "Makamasi, lojing'i, makamasi. Hiyo kazi si naijua?"

Akamtembeza Jamaa hadi lojing'i ya kijiji kile kipya, akamlaza, akazima. Kisha akapanda juu ya benchi akaanza kufungua lile pazia la gunia.

Nilimnunia wiki nzima, hata mkono sikumpa siku aliyoondoka kwenda Kawangware, na mama akanikaripia kwa hilo. Baada ya hapo chumba kikawa kinyozi, kisha duka la mkaa. Miaka mingi baadaye nyumba zote za kando ya reli zikaondolewa, na leo ukipita pale huwezi kujua kwamba kulikuwa na mlango. Fundi hayupo, nyanya yangu hayupo, yule jamaa wa mjengo sijui hata jina lake. Nimeshakuwa mkubwa kuliko mke wa fundi alivyokuwa siku ile, na nimehama mara kadhaa kwenda nisikokujua, na kila mara nimekuta ni hivihivi tu, kama alivyosema. Alichukua mashine, televisheni, kaseti na mtoto. Zile benchi mbili zilimshinda kubeba, akatuachia, tukawa tunazikalia nje jioni bila kufanya lolote mpaka zikavunjika.